Hesabu Huanzia Shingoni

Saa mbili usiku, stima imerudi Milimani,
chumba kina baridi ya friji ya buchani,
na Ezra Ogweno, mkata miwa wa Muhoroni,
ametoka ndani ya tundu la mashine akiuliza:
"Ni hiyo kelele tu? Nilidhani mtanichoma."
Nimemrudishia viatu. Matope yake bado mabichi.

Sasa niko naye kwenye kioo, bila ngozi.

Kata ya ubavuni humpasua mtu
kama mama wa Kondele anavyompasua mbuta,
kichwa hadi mkia, kulia huku, kushoto kule,
ila hapa hapana kisu, hapana damu,
na aliyepasuliwa yuko nje kwenye benchi, anakula mandazi.

Natafuta kata ya katikati. Si hii:
hii ni ya matundu ya kando, kila neva
nukta nyeusi ndani ya mafuta meupe.
Nasogeza kidole. Si hii pia. Hii.
Ugwe unashuka, kijivu, umenyooka,
maji meupe mbele yake na nyuma yake,
hata kiunoni unachongoka kama penseli,
kisha ni nyuzi tu. Vitabu huziita mkia wa farasi.
Mimi farasi sijawahi kumgusa.
Kwangu ni mizizi ya kitunguu katika glasi ya maji.

Pingili.
Neno hili sikulijulia hospitalini.
Nililijulia Chemelil, nikiwa na meno ya maziwa:
kipande cha muwa kati ya fundo na fundo,
unazihesabu kabla ya kutafuna, kaka asikupunje.
Za juu maji matupu. Za chini ndizo tamu,
ndizo ngumu, ndizo zinazovunja jino.
Na mgongo vivyo hivyo: mzigo wote hutua chini.

Gegedu changa hushika maji, huwaka jeupe.
Ya juu ya Ogweno yanawaka bado.
La mwisho haliwaki.
La juu yake haliwaki pia, jeusi, bapa,
makapi yaliyokwisha kupita kinuni,
na ndilo limetoa ulimi nyuma, kushoto,
ukailalia neva
kama mtu aliyekalia nguo ya mwenzake na hajui.

Karatasi aliyokuja nayo, imekunjwa mara nne, ina jasho,
inasema: kati ya nne na tano.
Aliyeiandika alihesabu kutoka chini kwenda juu.
Hata mimi ningeweza; foleni ni ndefu.
Lakini Daktari Nangila aliyenifundisha
alikuwa akigonga meza kwa rula:
"Anzia kwenye jino!
Nani hujenga hesabu juu ya mfupa asioujua?"

Basi naanzia kwenye jino,
pingili ya pili ya shingo, imelisimamisha
kama kidole cha mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka.
Tatu, nne, hadi saba.
Kifuani naenda polepole, midomo ikisogea,
kama anayehesabu chenji gizani. Kumi na mbili.
Kiunoni: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Sita.

Narudi juu. Jino. Upya.
Sita.

Daktari wa upasuaji kule Eldoret
angeifuata karatasi, angehesabu kutoka juu,
kisu kingebisha hodi nyumba ya jirani.

Naandika: Pingili za kiuno ni sita.
Hesabu imeanzia shingoni.
Lililotoka ni kati ya tano na sita.
Tafadhali hesabu upya kabla ya kisu.
Sentensi ya mwisho si ya kitabibu. Naiacha.

"Una pingili moja ya ziada," namwambia.
Anaacha kutafuna.
"Tangu lini?"
"Tangu tumboni mwa mama yako."
Anawaza.
"Miaka ishirini na miwili napakia trela,
mizani ya kiwanda haijanizidishia hata kilo.
Kumbe ya ziada ninayo mwenyewe!"
Anacheka, na kicheko kinamshuka mguu wa kushoto.
Anashika ukuta.